Nati Sita na Mteremko wa Kimihurura

Mtu atokaye uwanja wa ndege wa Kanombe kwenda katikati ya jiji la Kigali hupita Remera, akaja Gishushu, akaliacha jengo la Bunge, na hatimaye akafika kwenye mzunguko ulio mbele ya Jumba la Mikutano, lile lenye kuba ing'aayo kwa rangi nyakati za usiku, lililofunguliwa mwaka 2016. Hapo ndipo Kimihurura. Baada ya mzunguko huo barabara huteremka kuelekea bonde la Kimicanga, na kutoka bondeni hupanda tena kwenda Kiyovu na mjini. Ni mteremko mrefu, wa lami nzuri, na kwa sababu ya uzuri wake madereva wengi hawauhofu. Aupandaye kwa miguu ndiye atambuaye urefu wake. Gari huumeza kwa dakika moja au mbili.

Ndugu msomaji, nimeanza na mteremko huo kwa kuwa ni juu yake nilipojifunza, nikiwa mtu mzima na afisa wa jeshi, jambo nililodhani nimekwisha kulijua tangu chuo cha ukadeti, nalo ni jinsi ya kufungua na kufunga gurudumu la gari.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa, mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika. Tulikuwa watu watano katika pikapu ya kazi: sajini dereva, mimi kando yake, na askari watatu nyuma pamoja na vyombo vya picha. Tulipoanza kuteremka nilisikia mlio, tok, tok, tok, kama wa mgeni abishaye hodi bila haraka. Usukani ukaanza kutetemeka. "Afande, hiyo ni beringi," alisema sajini. Alipunguza mwendo kwa gia, wala hakukanyaga breki kwa nguvu, na kwa busara yake hiyo tukasimama pembeni kabla ya kufika bondeni, ambako watu walikuwa wakivuka barabara kwa makundi wakitoka makazini.

Haikuwa beringi. Gurudumu la mbele la kushoto, ambalo siku ya Jumanne lilikuwa na nati sita, jioni ile lilikuwa na nne, na tatu kati ya hizo nne nilizigeuza kwa vidole vyangu. Bolti moja ilikuwa imekatika. Matundu ya ringi yaliyotoka kiwandani yakiwa ya mviringo kamili yalikuwa yamelika na kupata umbo la yai. Hatukulazimika kuambiwa na mtu yeyote kwamba zilibaki mita chache tu kabla ya gurudumu kututangulia bondeni.

Siku ile ya Jumanne tairi hilo lilikuwa limechomwa na msumari, nasi tukalipeleka kuzibwa kando ya barabara, mahali nisipopataja. Fundi kijana alifanya kazi yake chini ya manyunyu. Ingekuwa rahisi kumtwika lawama zote. Lakini mimi nilisimama juu ya kichwa chake na simu mkononi. Nilikuwa nikingojewa na waandishi wa habari, na mara mbili nilimwambia, "Kijana, fanya upesi." Mara ya pili aliacha kufuta tope.

Kishikacho gurudumu

Watu wengi, nami nilikuwa miongoni mwao, hudhani kwamba gurudumu limetundikwa juu ya bolti zake kama kanzu itundikwavyo juu ya misumari. Sivyo. Nati ikazwapo, bolti huvutika kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, na katika kutaka kuurudia urefu wake huibana ringi juu ya uso wa habu. Mbano huo ndio ubebao gari. Nyuso mbili za chuma zikishabanwa sawasawa haziwezi kuteleza, moja juu ya nyingine, na bolti hazipati taabu ya mashimo wala ya matuta. Mbano ukipungua, ringi huanza kucheza, ijapokuwa ni kwa unene wa unywele, na kila gurudumu lizungukapo bolti hupindwa huku na huku. Gurudumu la gari dogo, ambalo mzingo wake ni mita 2 hivi, huzunguka mara 500 katika kila kilomita. Waya upindwao kwa mkono huchoka na kukatika baada ya mipindo michache tu, na bolti nayo, japo ni ngumu, ina mwisho wake.

Mtu akilielewa jambo hili moja, karibu kila agizo la mafundi linalohusu gurudumu humwingia akilini bila kulazimishwa kulikariri. Hugundua pia kwamba mambo mengi tuyaonayo kando ya barabara zetu, yafanywayo kwa nia njema na jasho jingi, huliharibu gari kwa siri.

Kabla ya jeki

Gari likipata pancha kwenye mlima kama Kimihurura, agizo la kwanza ni kutolibadilisha tairi hapo. Ni afadhali kulitembeza gari polepole mpaka mahali tambarare, hata ikiwa tairi litaharibika kabisa, maana tairi hununuliwa. Mitaa ya ndani ya Kimihurura, yenye nyumba za kuishi na mikahawa, mingi imetandazwa mawe ya kuchongwa. Ni mizuri kwa macho, lakini mvua inyeshapo mawe hayo huteleza, na mguu mdogo wa jeki huweza kutoka juu ya jiwe moja ukaangukia katika ufa wa jiwe la pili. Kipande cha ubao mnene, cha ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa, kikiwekwa chini ya jeki humaliza matata hayo. Kwenye mchanga ubao huo si hiari tena, kwani jeki yenyewe huzama badala ya gari kupanda.

Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na jiwe au kigogo kiwekwe pande zote mbili za gurudumu lililo mkabala na lile litakaloinuliwa. Wako wanaosema kwamba breki ya mkono yatosha. Kwa faida yao nitataja Land Rover za zamani, ambazo bado ziko nyingi Afrika ya Mashariki. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Hushika mhimili uzungukao kutoka gia kwenda nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa hewani, difu huliruhusu lizunguke upande wake, na gurudumu la pili lililobaki ardhini huwa huru kuzunguka upande mwingine. Breki imevutwa mpaka mwisho, dereva ana amani moyoni, na gari linaondoka. Likianguka kutoka juu ya jeki hutua juu ya diski au juu ya drami ya breki, na mtu aliyekuwa amepiga magoti mbele yake asipopoteza mkono amshukuru Mungu.

Nati zilegezwe kidogo, nusu ya mzunguko hivi, wakati gari lingali limesimama juu ya tairi zake. Nati iliyokaza huhitaji nguvu nyingi kuianzisha, na mwenye kuivuta nguvu hiyo huku gari likiwa juu ya jeki hulivuta gari zima. Jeki yenyewe ina mahali pake. Magari madogo mengi yana alama mbili chini ya ukingo wa milango, moja nyuma ya gurudumu la mbele na moja mbele ya gurudumu la nyuma, ambapo bati limekunjwa na kuimarishwa. Nimeona magari yaliyoinuliwa kwa kushika bati la sakafu, likabonyea kama sufuria. Nimeona pia chombo kishikacho oili ya injini kikiwa kimepasuka kwa sababu kilidhaniwa ni chuma kama vyuma vingine. Kwa pikapu na Land Cruiser mahali salama ni chini ya ekseli au chini ya chesisi, kama kitabu cha gari kielekezavyo. Gurudumu la akiba lilazwe chini ya gari mara jeki inapoanza kupanda. Jeki ikishindwa, gari litaliangukia tairi, na tairi ni mto mzuri.

Gurudumu likigoma

Nati zote zimetoka, na gurudumu haling'oki. Hapa ndipo magari mengi huumizwa. Kigali ina misimu miwili ya mvua kila mwaka, na maji yakiingia kati ya ringi na habu huzaa kutu iunganishayo vyuma hivyo kana kwamba vimechomelewa. Mwenye hasira huchukua nyundo akaipiga ringi kwa nje. Ringi ya chuma hupinda, ya aloi hupasuka, na kishindo chote hupita kwenye beringi, ambayo haikufanya kosa lolote. Wengine huingia uvunguni wakaipiga kwa mateke kutoka ndani, jambo ambalo simshauri mtu yeyote alifanye wakati gari limesimama juu ya jeki peke yake.

Iko njia ya upole zaidi. Nati zote zirudishwe kwa mkono, kisha zilegezwe kwa mzunguko mmoja tu. Gari lishushwe, vizuizi viondolewe, na dereva alisogeze mbele na nyuma taratibu sana, kwa hatua moja au mbili, mahali tambarare. Uzito wa gari lenyewe utaivunja kutu. Mlio mmoja hafifu husikika, na kazi imekwisha. Likigoma bado, kigogo cha mbao kiwekwe juu ya tairi, si juu ya ringi, na nyundo ikipige kigogo hicho, upande huu na upande ule kwa zamu. Mafuta ya kulainisha kutu yapakwe kidogo tu katikati ya habu, na yasifike kwenye diski wala kwenye bolti.

Gurudumu likitoka, livutwe kwa kunyooka. Mwenye kulishusha kwa pembe huliburuza juu ya hesi, yaani ile mikato ya mviringo ya bolti, na hesi zikishatafunwa na ringi haziponi. Yafaa pia kuangalia waya mwembamba na bomba la mpira vilivyo nyuma ya diski. Wala breki isikanyagwe wakati drami iko wazi.

Brashi ya waya

Katika chuo cha ukadeti tulikuwa na zoezi la kubadilisha gurudumu kwa vikosi, saa ikihesabu. Vijana wanapenda kushindana, nasi tulishindana kwelikweli. Siku moja kikosi chetu kilimaliza cha kwanza, tukasimama mguu sawa, vifua mbele. Mkufunzi wetu, mtu mkimya ambaye alikuwa fundi kabla hajawa mkufunzi, hakuitazama saa. Aliagiza gurudumu lifunguliwe tena, akaupitisha ukucha wake juu ya uso wa habu, kisha akamwonyesha kila mmoja wetu tope lililobaki chini ya ukucha. Tukaambiwa tumeshika nafasi ya mwisho. Nilicheka siku hiyo pamoja na wenzangu, na kwa masikitiko nilikumbuka ukucha ule miaka mingi baadaye, nikiwa nimechutama juu ya lami ya Kimihurura.

Tope, kutu na rangi ni vitu laini. Vikibanwa kati ya ringi na habu huvumilia siku ya kwanza. Baadaye hupondeka, hudondoka, na mahali vilipokuwa hubaki pengo. Nati haikufunguka hata kidogo, lakini mbano umekwisha kupungua. Ndiyo maana ringi zilizopakwa rangi upya, pambo lipendwalo sana na wenye malori na mabasi, zahitaji uangalizi wa pekee. Rangi nene chini ya nati ni adui. Brashi ya waya na kitambaa kikavu, dakika mbili kwa kila gurudumu, ndiyo kazi yote itakiwayo. Bolti nazo zisafishwe kwa brashi hiyo hiyo, zikaachwa kavu. Najua mafundi wengi hupaka grisi ili nati itoke kirahisi siku za usoni. Kusudi lao ni jema, ila vipimo vya mkazo vya magari mengi vimewekwa kwa bolti kavu. Bolti yenye grisi, ikikazwa kwa nguvu ile ile, huvutwa zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na huweza kuvutwa mpaka isirudi.

Nati zianzishwe kwa vidole, zote, mizunguko kadhaa kila moja, kabla ya spana yoyote kuguswa. Kidole hutambua mara moja kama hesi zimekutana vibaya. Spana haitambui, hupita tu na kuharibu. Upande wa nati uliochongoka uelekee ringi, kwani mchongoko huo ndio uiwekao ringi katikati. Lakini nati za ringi ya aloi na za ringi ya chuma huenda zisifanane: kuna magari ambayo ringi zake za aloi hutumia nati zenye uso bapa na washa yake. Mwenye ringi za aloi na gurudumu la akiba la chuma na alitazame jambo hili leo, akiwa nyumbani kwake, asisubiri usiku wa mvua.

Kisha zikazwe kwa kuvuka. Nati tano hukazwa kama mtu achoraye nyota. Nati sita, kila moja na ile iliyo mkabala nayo. Duru ya kwanza iwe ya mkazo mdogo, gurudumu likiwa bado hewani. Duru ya mwisho, gari likiwa limeshushwa. Mwenye kuzikaza kwa kufuatana kama saa huilaza ringi upande mmoja, na diski ya breki iliyo nyuma yake huvutwa ipinde. Baada ya majuma kadhaa usukani hutetemeka kila akanyagapo breki, naye hununua diski mpya, zikafungwa kwa mtindo ule ule, zikapinda.

Mfuko wa saruji

Yabaki swali ambalo kila mtu huulizia: kukaza kiasi gani? Jibu la kando ya barabara ni "mpaka basi", na basi ya mtu mmoja si basi ya mwingine. Watengenezaji wa magari huandika kipimo kwa nyutoni-mita. Kwa Toyota Corolla nyingi kipimo ni 103. Kwa Land Cruiser kubwa zenye ringi za chuma ni 209. Tarakimu hizi hazimwambii kitu mwananchi wa kawaida, kwa hiyo nitazigeuza kuwa saruji. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 40, ilaze usawa wa ardhi, na mwisho wake utundike nusu ya mfuko wa saruji, yaani kilo 25 au zaidi kidogo. Huo ndio mkazo wa Corolla. Tundika mfuko mzima wa kilo 50 na ziada kidogo, umepata mkazo wa Land Cruiser.

Sasa mfikirie kijana wa kilo 70 ambaye, ili kumridhisha mteja, anapanda na kusimama juu ya spana hiyo kwenye Corolla. Ametia karibu 275, zaidi ya mara mbili na nusu ya kipimo. Akiongeza bomba la chuma ili spana ifike mita moja, amekaribia 690, mkazo ambao hata bolti za milimita 22 za lori kubwa, zihitajizo 600 hivi, zingeuona mzito. Bolti ya gari dogo haipigi kelele ifanyiwapo hivyo. Huvutika ikapita kiasi chake, ikapoteza uwezo wa kurudi, na tangu hapo haibani tena. Mwenye gari huondoka akiwa ametabasamu. Spana ya upepo nayo yaweza kufanya hayo hayo kwa sekunde mbili ikiwa fundi hakuipunguza. Na lau bolti itanusurika, mama aliyepata pancha kati ya Kigali na Musanze usiku, akiwa na ile spana fupi iliyokuja na gari, hataweza kuianzisha nati hiyo hata kidogo.

Dawa ni spana ya vipimo, ile ambayo huwekwa kwenye tarakimu itakiwayo na kulia "tak" ifikapo. Karakana za jeshi zinazo, gereji nzuri zinazo, na baadhi ya mafundi wa Gatsata wanazo, ingawa nimeziona pia zikiwa zimetundikwa ukutani na vumbi juu yake. Isipokuwepo, mvutano wa mkono mmoja wenye nguvu kwenye spana ya kawaida, bila bomba na bila kupanda, hautakuwa mbali sana na kweli kwa gari dogo. Mtu aende kukaguliwa kwa kipimo siku ifuatayo.

Baada ya kilomita 50 mpaka 100 nati zikaguliwe tena. Hata kazi iliyofanywa vizuri hutulia kidogo, na mbano hupungua. Agizo hili ndilo rahisi kuliko yote na ndilo lisahaulikalo kuliko yote. Sisi wenyewe tulitembea tangu Jumanne hadi Ijumaa, ofisini Kimihurura, Kanombe, Bugesera na kurudi, wala hakuna aliyeinama.

Malori na magari ya jeshi

Kwa madereva wa magari makubwa yapo mambo mawili ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni kwamba malori ya zamani ya Kiingereza, kama Bedford, yalikuwa na nati za upande wa kushoto zenye hesi za kinyume: hufunguka kwa kuelekea kulia. Mwisho wa bolti huandikwa L. Utingo asiyejua huongeza bomba, huongeza mwenzake, na bolti hukatika huku akiamini kwamba anazifungua.

La pili ni la uhai. Ringi nyingi za malori na za magari ya kijeshi ya zamani zimeundwa kwa vipande viwili au zina pete ya kufungia, na ndani yake upepo wa tairi umefungiwa kwa nguvu kubwa. Ziko zile ambazo nusu mbili za ringi zimeshikanishwa kwa nati zake zenyewe, aghalabu zikapakwa rangi nyekundu, mbali na nati zishikazo gurudumu kwenye habu. Anayefungua nati nyekundu wakati tairi lina upepo hufungua bomu. Upepo utolewe wote kwanza, kwa kung'oa valvu, ndipo kitu kingine kiguswe. Watu wamekufa kwa kutojua tofauti ya rangi tu.

Kwa jeshi jambo hili lina hesabu yake pia. Tangu mwaka 2004, vikosi vya Rwanda vilipokwenda Darfur, askari wetu wamehudumu katika nchi kadhaa za Afrika pamoja na magari yao. Umoja wa Mataifa huilipa nchi kwa ajili ya magari iliyoyapeleka chini ya bendera yake, ila wakaguzi huja kuhesabu yaliyo mazima. Magari mazima ya aina moja yakipungua chini ya asilimia 90 ya idadi iliyokubaliwa, malipo nayo hupunguzwa. Gari lisilo na bolti tatu huhesabiwa sawasawa na gari lisilo na injini: halitembei. Na habu mpya husafiri kwa majuma kabla ya kufika kambi iliyo mbali na bandari.

Pikapu yetu ilirudi kazini baada ya kupata habu mpya, ringi nyingine, na bolti na nati sita. Sajini alizifunga yeye mwenyewe, akazikaza kwa kipimo, kisha akachora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba uanziao juu ya kila nati na kuishia juu ya ringi. Mstari ukivunjika, nati imegeuka. Mtu huona akiwa amesimama, bila hata kuinama. Kipande cha bolti iliyokatika aliniletea ofisini, akakiweka mezani bila kusema neno, akapiga saluti na kutoka. Ninacho hata sasa. Mahali kilipokatika pana rangi mbili. Sehemu kubwa ni laini na yenye giza, imezungushwa mistari midogo kama ile ya gogo la mti lililokatwa. Hiyo ilikuwa ikikatika kidogo kidogo kwa siku tatu, wakati sisi tukienda na kurudi na kupiga soga. Sehemu ya pili, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, inang'aa na ina chembechembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki ikitushika siku ya Ijumaa, mpaka tulipoanza kuteremka.